Ngoma Zilizobaki Nje ya Mlango

Jinja,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena, na ya tatu iweke akiba, maana hizi mbili najua umezipokea huku umenuna. Mimi mwanao Zuhura ni mzima, nakula vizuri, nalala vizuri, na mkono huu unaoandika hauna hata mkwaruzo. Nimeanza na hilo makusudi, ili ushushe pumzi kwanza ndipo uniambie goti lako linaendeleaje. Ile dawa ya kuchua imefika? Isije ikawa umempa jirani halafu wewe mwenyewe unajipaka mafuta ya taa. Na bati la jikoni, fundi amekuja au bado anakupiga chenga?

Sasa tuje kwenye hiyo video. Juzi ulinipigia simu unalia, nami kila nikianza kukueleza wewe unalia zaidi, mwisho simu ikakatika. Nikaona bora nikuandikie, kwa sababu barua huwezi kuikatiza. Kuna mtu anakuja Tanga kesho kutwa, atakuletea mpaka mlangoni. Ni kweli, yule mwanamke aliyetanua mikono mlangoni huku watu wanampigia ngoma usoni ni mimi. Ile shungi ya kijani ulinishonea mwenyewe, sina pa kukatalia. Lakini kabla hujasoma zaidi, nakuomba umwite huyo mjukuu wako Athumani aifute hiyo video, na awaambie wote aliowatumia nao waifute. Si kwa ajili yangu mimi, maana mimi nimeshazoea kuchekwa. Ni kwa ajili ya kijana ambaye haonekani humo lakini anaitwa jina lake na watu wale.

Kijana huyo ni Isaka. Nilishakutajia. Ndiye aliyeanzisha kundi letu la watu wa kompyuta hapa Jinja, lile la kukutana Jumamosi moja kila mwezi juu ya duka la mabati. Anayejua kutengeneza programu anamfundisha asiyejua, na anayeuliza swali la kijinga hachekwi. Nilipokuja hapa mara ya kwanza, sina rafiki, sijui hata njia ya sokoni, Isaka alinipa kiti karibu na mlango. Akaniambia nikitaka kuondoka niondoke tu, sitapita mbele ya macho ya mtu. Wallahi nilikuwa nimeshapanga kuondoka. Nikakaa mpaka jioni.

Kundi letu lina kanuni zake, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuzisimamia. Mtu asiguswe, asifuatwefuatwe, asipigwe picha bila ridhaa yake, asitaniwe kwa dini yake wala kabila lake wala mwili wake. Akiudhiwa, ananijia mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu ya mdomo, Mama, sababu nyingine hakuna. Huku Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na polisi, watu waliisikia kwa miaka mingi ikija na amri. Nikisema "Jamani tukae" kwa sauti ile ile ninayoitia kuku, watu wazima na ndevu zao wanakaa kabla hawajajua kama wamekaa. Basi wananiita Afande Zuhura. Cheka tu, najua unacheka.

Kila anayekuja tunampa kadi ya kuvaa shingoni, ameandika jina analotaka kuitwa. Kamba nyeupe maana yake unaweza kumpiga picha, kamba nyekundu maana yake usimpige. Ni mambo madogo, lakini wasichana kadhaa waliniambia kwamba bila kamba ile wazazi wao wasingewaruhusu kuja. Isaka mwenyewe huvaa nyekundu siku zote. Sikuwahi kumuuliza sababu.

Mwezi uliopita wenzetu wa Mbale wakatualika. Nao wana kundi lao, changa bado, na mwenyeji wao ni mwalimu Wamimbi, anafundisha hesabu sekondari. Mama, huyu Wamimbi ungempenda. Ni mtu wa bashasha, akikusalimia mkono unauma mpaka kesho yake. Tukakodi gari, tukaenda wanane, Isaka akiwa ndiye wa kufundisha somo kubwa la mchana. Njiani alikuwa kimya. Nikadhani amekosa usingizi.

Hapa lazima nikueleze jambo ndipo uelewe. Mbale ni kwa Wagisu, na Wagisu wana jando lao linaloitwa imbalu. Si jando la kificho kama la kwetu. Kijana anapakwa unga, anacheza na ngoma siku kadhaa kwa ndugu zake, halafu anasimama wima hadharani, hapepesi jicho, anatahiriwa watu wote wakiona. Linafanyika mwaka mmoja, mwaka unaofuata wanapumzika, na mwaka huu ndio wenyewe. Ngoma unazisikia kila kona ya mji. Wengi wanakwenda wenyewe kwa furaha zao, na ni heshima kubwa kwa ukoo, usije ukadhani nawasema vibaya watu wa watu. Ila kuna wanaume waliokulia mbali hawakupita huko, na inasemekana mmoja wao akionekana mwaka kama huu, ndugu wanaweza kumfuata na ngoma wakamtahiri hapo hapo alipo, atake asitake. Sheria inakataza. Lakini sheria, Mama, si kila siku inafika kabla ya ngoma.

Na Isaka wetu ni Mgisu kwa baba. Mimi sikulijua hilo, nilimdhania Msoga mtupu, wa kabila la hapa Jinja. Amekulia Masese, huku ufukweni, mama yake Msoga anauza samaki. Baba yake alikuwa askari magereza, akafariki Isaka akiwa mdogo, na baada ya mazishi mama na ukoo wa mume wakakosana vibaya mno. Mama akabeba mtoto wake, hakurudi tena. Isaka alikuja Mbale kwa kuamini kadi yake imeandikwa "Isaka" basi, na kamba yake ni nyekundu. Alikuwa mgeni kama sisi wengine.

Wakati wa chai ya asubuhi Wamimbi akamsogelea kwa ukarimu wake ule. Akamuuliza, kijana, baba yako nani? Haya niambie, mtu mzima akikuuliza jina la baba yako unamjibuje? Isaka akajibu, kwa sauti ya chini. Wamimbi akaruka juu. Kumbe alimjua marehemu! Basi tuliporudi ukumbini, kabla ya somo lolote, Wamimbi akamvuta Isaka mbele, akatangaza kwa sauti yake ya darasani kwamba huyu mnayemwona si mgeni, ni mtoto wa fulani, wa ukoo fulani, amepotea miaka yote hii na leo amerudi nyumbani. Watu wakapiga makofi. Akampiga na picha, amemkumbatia bega, akaituma palepale kwenye kundi la simu la watu wa mtaa wake.

Nilimfuata nikamwambia, mwalimu, huoni kamba nyekundu? Akanishangaa, akaniambia, "Lakini Afande, hiyo ni ya wageni. Mtu akiwa nyumbani kwake, ruhusa naomba ya nini?" Hakuwa na ubaya hata chembe. Alitaka kumkaribisha mwenzake kwa namna anayoijua yeye, na kwao mtu unamkaribisha kwa baba yake na ukoo wake. Mimi nikaudhika kwa ajili ya kanuni yangu tu, nikamwambia aifute ile picha, akaifuta. Ndipo nikamwona Isaka. Alikuwa amekaa, uso umemparama, jasho linamtoka na wala hapakuwa na joto. Akaniita pembeni akanieleza yote niliyokueleza hapa juu. Akasema, "Zuhura, wameshaiona. Watakuja."

Nikasema basi tuondoke sasa hivi. Dereva wetu alikuwa amekwenda kutengeneza gurudumu. Nikashika simu niwaite polisi, Isaka akanishika mkono. Akaniambia nikiwaleta polisi wawakamate ndugu wa baba yake, mlango wa ukoo ule utafungwa mpaka kufa kwake, na yeye hajawahi hata kuamua kama anautaka ufunguke au ufungwe. Nikamwambia sawa, lakini mtu yeyote akivuka kizingiti bila idhini yako, napiga, na hapo sitakusikiliza. Akakubali. Wamimbi alikuwa anasikia. Masikini mwalimu, machozi yalimlengalenga. Akaenda akasimama mlango wa nyuma, upande wa jikoni, na mwiko wa ugali mkononi.

Ngoma zikaja mchana, tulipokuwa tunaanza kupakua. Ukumbi uko huko upande wa viwanda, barabara pana, kwa hiyo walijaa wote, wanawake wanacheza, vijana wanapuliza filimbi, wanaliita jina la Isaka na la baba yake. Nikatoka nikasimama mlangoni. Mmoja wao alikuwa anarekodi kwa simu, ndio hapo mlipoiona shungi yangu. Wasichana wetu walikuwa nyuma yangu wamejikusanya, na nilijua watu wa ngoma wakiingia humu hata mara moja, hakuna kanuni yoyote nitakayoisoma tena mtu akaiamini. Lakini zaidi nilikuwa namwaza Isaka, aliyekaa kule ndani mikono katikati ya magoti.

Nikapiga ukelele, "Simameni hapo hapo!" Kwa Kiswahili, maana ndicho kilichotoka. Ngoma zikakatika kidogo, watu wakatazamana, kijana mmoja akasema, "Eh! Afande mwanamke!" Wakacheka. Nami ningecheka kama ningekuwa upande wao.

Mbele yao alikuwa mzee mmoja mrefu, koti limepigwa pasi, amenyooka kama mlingoti. Huyo ndiye Mzee Magombe, mdogo wa marehemu baba yake Isaka. Nikafanya unavyofanya wewe watu wakija na ugomvi uani kwetu: unawasalimia kana kwamba hujaona fimbo. Nikainama kidogo, nikasema, "Shikamoo, mzee."

Akanikazia macho. Akasema, "Wewe natoka wapi?"

"Tanga, mzee. Tanzania."

"Shikamoo," akasema, kama anayeionja. "Marahaba. Siku mingi sijasikia hiyo." Akaniambia naye alikuwa askari magereza kama kaka yake, miaka na miaka, Kiswahili ndicho walichokuwa wanasema kazini. Halafu akakaza sauti. "Mimi sikuja kupigana. Nakuja kuchukua mtoto ya ndugu yangu. Toka mlangoni."

"Sitoki, mzee. Humu ndani kuna kanuni. Ngoma zinabaki nje. Wewe unaingia peke yako, mkono mtupu, unakaa, unakula. Yeye nitamwambia umekuja. Akitaka kukuona, atakuja mwenyewe. Asipotaka, utakuwa umeshiba, na utaondoka."

"Hii nini? Gereza?"

Hasira zikanipanda, Mama. Unanijua. Nikamwambia, "Wewe si ndiye unayejua ya gerezani? Mgeni akija kumwona mfungwa, anaingia na ngoma? Mfungwa akisema huyu simtaki, mnamburuta?"

Nikajua nimeharibu, mtu mzima nimemjibu vile mbele ya ukoo wake. Mzee akaangalia chini, akaangalia watu wake, halafu akacheka kicheko kifupi cha puani. "Hapana," akasema. "Mfungwa anaweza kataa mgeni. Hiyo ni haki yake. Mimi mwenyewe nilikuwa narudisha wageni, hata mama ya mtu nilirudisha, analia." Akavua kofia, akatoa na bakora akampa kijana mmoja ashike. Akainua mikono yake nione kwamba ni mitupu, kama kazini kwake. Akaingia peke yake.

Nikampa kiti na sahani ya malewa, hayo ni machipukizi ya mianzi yanapikwa na karanga, wenyewe wanayapenda kweli. Hakuyagusa. Nikaenda kwa Isaka. Nikamwambia baba yako mdogo amekuja peke yake, hana kitu mkononi, ukisema hapana namtoa sasa hivi na sitakuuliza kwa nini. Akaitoa mikono katikati ya magoti. Kisha akasema, "Anafananaje?" Nikamwambia mrefu, kama wewe, masikio kama yako. Akainuka.

Walikaa meza ya mwisho, mlango wazi, mimi nikiwaona lakini siwasikii, ndivyo Isaka alivyotaka. Huko nje ngoma zilikuwa zinagongwa polepole, wale kina mama wacheza ngoma wakaomba maji, tukawapa, mmoja akaniuliza hiyo shungi nimenunua wapi. Nami namjibu huku jicho liko kwenye meza ile. Nilimwona mzee akisema, Isaka akitikisa kichwa. Nilimwona Isaka akisema maneno mengi, haraka, kidole mezani. Sijawahi kumwona amekasirika namna ile. Halafu mzee akajifunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika. Isaka akabaki anamtazama, mwishowe akamsogezea ile sahani ya malewa. Mzee akala. Mama, kumwona mzee yule anatafuna huku analia, nilijigeuza nikatazama ukutani.

Baadaye akasimama, akaenda mlangoni, akaomba kofia yake na bakora yake. Akasema na watu wake kwa Kigisu, Wamimbi akawa ananitafsiria sikioni, mwiko bado anao. Alisema: "Nimemwona mtoto wa kaka yangu. Yake na yangu tumeyazungumza. Atakayemgusa amenigusa mimi." Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti lile swali ambalo kila mtu alikuwa nalo mdomoni: sasa, ameshatahiriwa au bado? Mzee akamjibu, "Niliuliza mimi, nikajibiwa mimi. Wewe cheza ngoma." Wakaangua kicheko. Kulikuwa na kijana wao mwingine anayewangojea mtaa wa pili, amepakwa unga wake, yuko tayari na anataka. Wakaenda kwake, ngoma zimepamba moto. Nikakaa chini pale pale kizingitini.

Naye Isaka akafundisha somo lake! Nilimwambia aliache, akakataa. Mwanzo sauti ilikuwa inamkatika, baadaye akakolea, msichana mmoja akamkosoa kosa alilolifanya ubaoni, akacheka mwenyewe. Wamimbi alisimama mbele ya wote akaomba radhi, na kundi la Mbale likaongeza kanuni yao kwamba mtu anatajwa kwa jina aliloliandika kwenye kadi na si zaidi, hata kama ni wa nyumba ya pili. Hiyo kanuni na sisi tumeichukua.

Najua swali lako, Mama. Unataka kujua kama lile la yule mwanamke lina jibu. Sijui. Wewe mwenyewe kungwi, umefunda wari wa mji mzima, na sijawahi kukusikia ukilitoa nje la mtu hata mmoja. Garini wakati wa kurudi, wenzetu wote wamelala, Isaka akaniambia, "Wewe hujaniuliza." Nikamwambia mimi nina njaa, ugomvi wenu umenikosesha chakula, hayo mengine ni yako. Akacheka mpaka akalazimika kujifuta macho.

Mpe salamu kaka mkubwa, na umwambie asimpige huyo Athumani, kijana hakujua. Msalimie shangazi wa Korogwe na kile kikohozi chake, na mama mwenye nyumba ya jirani anayekupikia ukiugua, na mwalimu wangu wa madrasa kama bado anatoka barazani. Yule mwanaume wa bandarini uliyeniambia ananiulizia, naye msalimie, lakini salamu ya kawaida tu, usimwongezee chumvi.

Nilikuwa naandika hapo juu simu ikaita, ni Isaka. Sauti ya upepo imejaa simuni, nikamuuliza uko wapi wewe. Akasema yuko mlimani, nje ya Mbale, kwa Mzee Magombe, wamemaliza kupalilia kaburi la baba yake. Hakuwahi kuliona tangu siku ya maziko. Nikamuuliza, Isaka, nani amekuchukua kukupeleka huko?

Akasema, "Hakuna. Nimekuja mwenyewe."

Mwanao anayekupenda na kukuombea usiku na mchana,
Zuhura